Shimo Kando ya Viazi

Mwanangu alifikisha mwaka mmoja na nusu bila kutembea wala kusema neno. Nesi wa kliniki aliniambia ningoje, watoto hawalingani. Mama mkwe wangu, huko Kabazi, hakungoja. Alichimba shimo kando ya viazi, akamsimamisha mtoto ndani, akarudisha udongo mpaka kiunoni, eti miguu ipate nguvu. Wanawe wote walisimamishwa hivyo. Alimweka humo kila asubuhi kabla ya kwenda kukamua ng'ombe.

Sikubishana na yeyote. Mwaka huo sikuwa na la kumwambia mtu. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikimenya viazi, na mtoto, badala ya kulia, alitazama kuku.

Asubuhi ya tano alinigeukia, akasema waziwazi, "Toa."

Nilimsikia vizuri. Nilimaliza kiazi kilichokuwa mkononi, nikachukua kingine, nikakimenya pia. Ndipo nikainuka.

Siku hizi anakimbia, na akianza kuongea hanyamazi. Akiniuliza neno lake la kwanza lilikuwa gani, namwambia lilikuwa "mama".