Siku Tuliyozima Mbolea

Nakumbuka siku moja ya baridi kule Timau, mwanangu, siku niliyomwagia mbolea maji nikidhani naokoa shamba. Cheka tu. Mimi pia siku hizi nacheka, ingawa kwa upande mmoja wa mdomo.

Nilikuwa nyapara kijana kwenye shamba la maua, viatu safi, darasa la sita tu kichwani. Ofisa wa wafanyakazi alikuwa Mutwiri. Namtaja kwa sababu yeye hajawahi kunitaja. Alitangaza kwamba wageni wanakuja kukagua mambo mawili: kama tunatunza mazingira, na kama kila mtu ana nafasi kazini. Akaunda kamati ya mazingira: mimi, Gitonga wa stoo, na binamu wawili wa Mutwiri. Tukapewa fulana za kijani.

Lakini rundo la mbolea lilikuwa kazi ya Kathure, mama asiyesikia wala kusema, miaka mingi akigeuza mabua ya maua na samadi. Alikuwa anachoma fimbo ya chuma ndani ya rundo, anaitoa, anaigusisha shavu, basi, ameshajua joto limefikia wapi. Nikauliza, "Na Kathure?"

Mutwiri akasema, "Huyo ataongea na wageni kwa mdomo gani? Mpe likizo. Akirudi tutaona kama kazi bado iko."

Nilijua Kathure ana watoto watatu na hana hata robo ekari ya shamba. Nikampungia mkono aende nyumbani. Mkono huo, mwanangu, ndio ninaoujutia.

Kesho yake asubuhi rundo likafuka. Kwa baridi ya Timau, mbolea inayoiva hupumua mvuke kama ng'ombe, wala si moto. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

"Moto!" Gitonga akapiga kelele. "Bosi, mazingira yanaungua!"

Tukavuta mipira, tukamwaga maji mpaka rundo likawa uji, halafu tukalifunika nailoni lipendeze. Siku ya tatu wageni wakafika. Mutwiri akafunua nailoni kwa madaha, kama anafunua sinia ya pilau. Harufu iliyotoka iliwatoa watu machozi. Mgeni mmoja akauliza nani hushughulikia rundo hili. Kamati nzima ikaangalia viatu.

Mzee M'Ikiara, mlinzi wa lango, akanisogelea polepole. "Kaimenyi, mmemfukuza mwenye jiko, sasa mnashangaa chakula kimeharibika? Enda umlete. Kwa miguu yako."

Nikaenda hadi chumba cha kupanga cha Kathure, nyuma ya lango. Kathure akanusa fulana yangu, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaja, akachoma fimbo, akaigusisha shavu, akatikisa kichwa kama daktari. Wageni wakaandika jina lake. Kazi yake ikabaki, tena akawa mkubwa wa mbolea.

Mutwiri je? Alipandishwa cheo, akapelekwa shamba lingine kufundisha mazingira. Dunia hii! Mimi nilipewa uma wa shamba, nikageuza rundo chini ya Kathure miaka miwili. Jina langu kwa ishara zake ni kubana pua. Hadi leo tukikutana sokoni ananiita hivyo, mbele ya watu.

Basi wewe uliyepewa kiti cha kupanga wafanyakazi, usitafute mtunza ardhi kwa kuangalia fulana. Muulize yule ambaye mikono yake imo ndani ya udongo, hata kama itabidi umuulize kwa vidole. Na ukiambiwa umpungie mtu kama huyo mkono aende, mkono wako uweke mfukoni.

Mungu akupe baridi ya kukuamsha, joto la kukuivisha, na mtu wa kukubania pua mapema, kabla wageni hawajafika.