Benchi Lisilo na Msumari

Fundi yule hakuiamini gundi kwa kuambiwa. Kila gundi aliyoipata aliungia vibao viwili vya mninga, akavitumbukiza kwenye karai la maji uani na kuviacha siku tatu. Sabaha, jirani yake pale Naipingo, alizoea kumwona asubuhi amechuchumaa, anavitoa, anavinusa, kisha anavivuta kwa vidole vyake vinene vyenye makovu ya patasi. Gundi ya ngozi, ile ya kuchemsha, iliachia siku ya kwanza tu. Utomvu wa mkorosho ulilainika kama uji. Ikabaki gundi ya unga, kopo moja alilopewa na Wazungu wa mradi wa karanga walipofunga karakana yao Nachingwea. Siku ya tatu alivuta, akakanyaga, akavuta tena. Mninga ukapasuka pembeni, lakini pale palipoungwa pakagoma kuachia.

"Sasa fundi," Sabaha akamwambia, "benchi lenyewe la kukaa nje. Si ungepiga misumari tu yakaisha?"

"Msumari ukinyeshewa unatoa kutu," alijibu kwa ile sauti yake ya chini, bila kuinua macho. "Na kutu haitoki kwenye kanga."

Sabaha akageuka kuitazama kamba ya kuanikia. Kamba ya uani kwa fundi haikuwa imeanikwa kanga tangu masika ya mwaka juzi, mkewe aliporudi kwao Ruangwa.

Benchi lilipokwisha, aliliweka nje likatazama njia itokayo Ruangwa. Kila jioni alifuta vumbi upande wa kulia kwa kiganja, polepole, kisha akaketi kushoto.