Jeshi la Makonyo

Nimerudi Jadida, kisiwani kwetu, mwaka huu na stashahada yangu ya ufundi wa mitambo ya meli, na nimeitundika ukumbini ambapo kila anayeingia lazima aione. Sioni haya kusema hivyo. Sikubebwa na mjomba wala mkubwa yeyote. Nilianza kwa kufuta grisi nikaishia kuwaamrisha wanaofuta. Lakini katika mizigo yangu mlikuwa na kisanduku kilichowashangaza wapwa zangu: askari wadogo wa plastiki, wapanda farasi wenye mabawa mgongoni. Nilikiona dukani ughaibuni, mahali ambapo watu wazima hucheza vita juu ya meza. Muuzaji akaanza kunieleza kuwa kikosi kile kimetokana na hadithi za zamani za Kipolandi. Nikamwambia asijisumbue. Jeshi lile nililijua kabla yeye hajazaliwa.

Tulifundishwa na mwalimu wetu wa historia. Serikali ya baada ya Mapinduzi ilimpeleka kusoma Polandi, akarudi na koti zito asilopata pa kulivaa na kichwa kilichojaa riwaya za huko. Akimaliza somo mapema hutusimulia: ngome iliyozingirwa, theluji, wapanda farasi waliojifunga mabawa ya manyoya ya ndege ili maadui wasikie mvumo na kutetemeka. Hutuachia hadithi njiani kengele ikilia, nasi tukienda nyumbani tunabishana.

Msimu wa karafuu skuli zilifungwa ili watoto tukachume. Hapo ndipo jeshi lilipozaliwa. Jioni tulikaa barazani kwa bibi kuchambua, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vinavyoshika karafuu, kule, vidole vinanata na kunukia hata muhogo wa kuchemsha na papa mkavu ukawa na ladha ya karafuu. Konyo, wewe uliyelichambua unajua, lina vitawi kama mikono na miguu. Ukilipindua ni farasi. Ukilibandika unyoya wa kuku kwa utomvu wa fenesi, basi una mpiganaji wa Polandi.

Rafiki yangu, mtoto wa jirani, alishika upande wenye mabawa wa kulinda ngome. Mimi nilikuwa na wavamizi wasio na mabawa, walio wengi. Tulipigana juu ya jamvi la kuanikia karafuu. Farasi alikwenda miraba mitatu ya ukili uliosukiwa jamvi, mtembea kwa miguu mmoja, na aliyeuawa aliamuliwa kwa kurusha kete. Rafiki yangu alikuwa na domo.

"Yakhe, wako wengi kama siafu," alikuwa akinambia, "na siafu humwagiwa maji ya moto."

Nami humjibu kwamba ngome yake ni kifuu cha nazi, na kweli ilikuwa kifuu cha nazi.

Watu wake walikuwa na mashamba zamani. Yalipogawiwa wakulima baada ya Mapinduzi, wakabaki na nyumba na heshima tu. Msimu ule tukasikia wanakwenda Maskati kwa ami yake, wahamie moja kwa moja. Basi tukawekeana sharti: vita viishe kabla hawajaondoka, na mshindi achukue jeshi lote. Akishinda, wenye mabawa watavuka naye bahari. Alilitaka jambo hilo kuliko nguo mpya alizoshonewa. Aliniambia kule hamjui mtu, angalau awe na watu wake.

Siku moja kabla ya safari tuliitwa kula, tukaliacha jeshi limejipanga jamvini. Tuliporudi, jamvi lilikuwa jeupe. Bibi alikuwa ameyazoa makonyo yote kwenye gunia, na gunia limeshapakiwa kwenye gari la kiwanda ambako makonyo hukamuliwa mafuta. Tulipomuuliza alishangaa kweli kweli.

"Nimeona manyoya, nikasema kuku wameshachakura humu. Nimezoa kabla hawajanimalizia."

Rafiki yangu hakulia. Alikaa kwenye ukingo wa jamvi na kifuu chake mkononi. Bibi alipoelewa, aliingia ndani akatoka na makonyo mazuri, yaliyonyooka, akamfungia kwenye kitambaa. "Chukua, mwanangu. Utawaunda huko huko, kuku wapo kila mahali."

Asubuhi tulikwenda kuwaaga. Baba yake alikuwa akipekua mizigo kwa mara ya mwisho, akakuta kile kitambaa. Akakinusa, uso ukambadilika. Wakati ule kutoa karafuu kisiwani bila kupitia serikali kulikuwa magendo, na mtu mwenye jina la wenye mashamba wa zamani hakutaka kuanza kumweleza askari wa bandarini tofauti ya karafuu na konyo. "Unataka tulale ndani kwa ajili ya kijiti?" alimwambia mwanawe, taratibu, bila kumkemea. Akamwaga yote mlangoni pao. Rafiki yangu aliyatazama, kisha akanitazama mimi.

"Sikushindwa," alisema. "Ujue, yakhe. Sikushindwa."

Nilimjibu kwamba hata mimi sikushindwa. Wakaondoka.

Bibi hayupo sasa, na mwalimu naye amefariki. Karafuu zinaanikwa juu ya maturubai, na watoto wa Jadida ukiwatajia Polandi wanakuuliza inacheza ligi gani.

Meli yangu ilipotia nanga Maskati miaka michache nyuma, nilivaa sare yangu nzuri nikamtafuta. Nilitaka aone nilikofika. Nilimpata dada yake. Alinipa kahawa na tende, akaniambia kaka yake alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Kisha akacheka kidogo, akasema marehemu aliwasimulia sana wanawe vita vya jamvini, na kila aliposimulia, ngome ilisalimika na wavamizi walikimbia hadi wa mwisho.

Nilifungua mdomo nibishe. Watoto wa marehemu walikuwa wamekaa pale mkekani, wanaume wazima wenye ndevu, wananingoja niithibitishe hadithi ya baba yao. Nikasema ndiyo, tulikimbia.