Mvua Juu ya Mlima Wetu

Nilipokuwa mtoto kule Tongaren, hakuna mwanafunzi aliyethubutu kugusa udongo wa kijito kilichopita nyuma ya shule yetu. Wazee walisema ni mali ya mvua. Ukiuchimba, mvua huja kuudai. Hata nyanya yangu, tuliyemwita kukhu, aliyekuwa mfinyanzi, aliuchimba kiangazi tu.

Nikiwa darasa la tano alikuja Mwalimu Naliaka, msichana mwembamba kutoka chuo kimoja cha Kitale, kufanya mazoezi ya kufundisha Masomo ya Jamii. Shule haikuwa na ramani hata moja. Basi alizunguka kijijini akiokota magunzi, makopo na mbegu za kufundishia. Siku moja kabla ya mkaguzi wa chuo chake kuja kumtazama akifundisha, akatuambia tutajenga Mlima Elgon kwa udongo wa kijitoni.

"Si huo ni wa mvua, mwalimu?" akauliza mwenzetu Wafula. "Mimi siendi."

Nilidhani atatucheka. Badala yake akauliza ni nani wa kuombwa ruhusa, nami nikampeleka kwa kukhu.

"Chimbeni," kukhu akasema. "Lakini mvua itafuata mali yake. Msiseme sikuwaambia."

"Ikija, kukhu, tutaipokea," mwalimu akajibu.

Tukaujenga mlima nje, karibu na ukuta wa darasa. Tukachora mito kwa vijiti, na chini kabisa tukafukia beseni liwe Ziwa Victoria.

Kesho yake mkaguzi, mzee wa suti, alikuwa ndiyo kwanza amekaa wakati mbingu zilipofunguka.

"Tuliambiwa!" Wafula akapiga kelele.

Nikamtazama mwalimu. Kisha akachungulia dirishani, akaruka mlangoni. "Njooni! Njooni muone!"

Maji yalikuwa yakiteremka kutoka kileleni. Mto Kuywa ukajaa, ukaingia Mto Nzoia. Nzoia ukapinda, ukashuka, ukamwagika ziwani. Tulicheza kwenye mvua tukiitaja mito kwa majina, Wafula akitushinda wote kwa sauti. Mkaguzi naye akatoka, suti ikalowa.

"Na nyinyi mko wapi?" akauliza.

Nikachuchumaa, nikaweka kidole kando ya Nzoia. "Tuko hapa!"

Akacheka, akampa mwalimu mkono palepale mvuani. "Mwalimu, hili ni somo!"

Leo ni mimi niliye kwenye mazoezi, hapa Kitale, nikitafuta vya kufundishia watoto wa mtaa wa Matisi. Wenzangu wakisikia habari hii husema ulikuwa msimu wa mvua, ingenyesha tu. Huenda. Kukhu hakulikubali hilo hadi alipofariki, nami sikubishana naye. Ninachojua ni kwamba kabla ya siku ile masomo yote yalihusu mahali pa watu wengine. Siku ile kwetu kulisomwa, tena kwa sauti kubwa, na mimi ndiye niliyeonyesha kulipo.