Shemeji Alibeba TV Yangu, Hakujua Inamtii Nani

Shemeji yangu aliingia sebuleni kwangu Mbinga na bisibisi mkononi. Hata hodi hakupiga.

Mume wangu Nazari alikuwa na siku arobaini na tatu tu kaburini.

"Shemeji, hii TV ni mali ya kaka. Inarudi nyumbani."

Anaitwa Hamphrey, ndiye anayemfuatia Nazari kuzaliwa. Akafungua skrubu nne ukutani, akaizungushia TV blanketi, akaipakia kwenye gari la Lituhi, kwao ziwani.

Blanketi lenyewe langu, wakuu!

Sikupigana naye. Nilimwangalia tu na kusema moyoni, wewe utanitambua.

Ile TV niliinunua mimi, fundi cherehani, kwa sare za harusi nilizoshona tangu msimu wa kahawa mpaka Krismasi. Dukani muuzaji aliniuliza, "Dada, unataka ya kawaida au smati?"

"Zina tofauti gani?"

"Ya kawaida inaonyesha inacholetewa na king'amuzi. Smati ni simu kubwa ya ukutani. Inaingia mtandaoni, ina akaunti, na inamsikiliza mwenye akaunti."

Nikasema nipe hiyo hiyo. Nikaifungua kwa akaunti yangu, ile ile ya kwenye simu.

Hamphrey hayo hakuyajua. Kwake TV ni TV, ukishachomeka umeme umemaliza.

Wiki mbili baadaye nikafungua simu nitafute mishono ya magauni. Kwenye orodha ya video zilizotazamwa naona filamu za kung fu zilizotafsiriwa, naona marudio ya mechi. Mimi na kung fu wapi na wapi?

Ndipo nikaelewa. TV ilikuwa inawaka, ina bando, na bado imo kwenye akaunti yangu.

Nikampigia Beata, rafiki yangu wa Lituhi anayeuza usipa, wale dagaa wa ziwani.

"Hee, kumbe hujui? Shemeji yako kafungua kibanda umiza sebuleni kwa mama yake, watu wanalipa kiingilio waone mpira na filamu. Jumapili baada ya misa panajaa mpaka mlangoni!"

Anajitajirisha kwa jasho langu!

Mwingine angeiondoa TV kwenye akaunti, yakaisha. Mimi sikutaka yaishe. Nilitaka aumbuke mbele za watu.

Niwaeleze kwa nini. Nazari alilazwa wiki tatu hapa Mbinga, na hata kuongea alikuwa hawezi. Nilimtumia Hamphrey meseji kwamba hali ni mbaya, waje yeye na mama. Akanijibu hivi: "Shemeji, mama kasema hawezi kuja. Huyo ni mumeo, pambana naye."

Hakuja mtu mpaka akakata roho. Tulipompeleka Lituhi kumzika, mama mkwe alininyooshea mkono. Nikampita kama sijamwona.

Sasa, TV smati ukiiacha dakika chache bila kuigusa inaanza kuonyesha picha. Ukiipangia, inaonyesha za mwenye akaunti. Na albamu unaichagua kwenye simu, hata kama wewe uko Mbinga na yenyewe iko ziwani.

Nikatengeneza albamu ya picha tatu. Ya kwanza risiti ya dukani yenye jina langu, Asteria. Ya pili Nazari kitandani wodini, mifupa mitupu, kiti cha wageni kitupu pembeni. Ya tatu ile meseji, na jina la Hamphrey juu yake.

Dawa ya moto ni moto.

Jumapili mchana Beata akanipigia, anahema. "Asteria, umefanya nini? Watu wanasubiri mpira, TV imeachwa tu, mara Nazari huyu hapa ukutani! Ikaja meseji. Mzee Ladislaus, yule jirani yao, akaisoma kwa sauti, neno kwa neno. Hamphrey akibonyeza rimoti picha zinaondoka, akiiacha zinarudi. Mwisho kachomoa waya, watu wanamzomea!"

"Na mama?"

"Alikuwa kwenye kiti mlangoni. Kainuka, kaondoka."

Nilicheka mpaka machozi. Anayeniona mbaya na anione.

Kesho yake gari likasimama mbele ya kibanda changu cha ushonaji. Akashuka mama mkwe, bibi Siwema. Kondakta akamshushia TV, ikiwa ndani ya blanketi langu.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Akakaa kwenye benchi la wateja.

"Hamphrey aliniambia Nazari aliugua siku moja akafa," akasema. "Mimi sijasema siwezi kuja. Hayo maneno eti yangu nimeyasikia jana, pamoja na majirani."

Nikaweka mkasi chini.

"Mama, mimi niliamini..."

"Namba yangu ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Wiki ya kwanza uliipiga?"

Nikatikisa kichwa.

"Ya pili?"

"Hapana, mama."

"Hamphrey nimeshamtoa nyumbani kwangu. Haya, niambie, wewe nikufanye nini?"

Akainuka, maji ya kunywa akakataa, akarudi stendi.

TV nimeitundika tena. Hamphrey sijamsamehe, na kumuumbua sijuti hata kidogo. Lakini nimeteremka Lituhi mara mbili kumwomba mama radhi, na mara zote mbili nimekuta mlango umefungwa na moshi unatoka jikoni.

Wakuu, TV smati nunueni, ni kitu kizuri. Ila mtu akikuletea neno la mwenzake, piga simu umsikie mwenyewe kabla hujamhukumu. Mimi ile meseji niliitunza vizuri kwa ajili ya kulipiza kisasi, wala sikuwaza kwamba ningeweza kuihakiki kwa simu ya dakika moja.

Nazari alikufa akiutazama mlango wa wodi, na mama yake alikuwa mwendo wa nusu siku tu.