Wasifu Nilioupunguza

Nianze kwa kutenga mambo mawili. Niliyoyashuhudia ni ya siku moja ya mazishi. Niliyoyasikia ni ya zamani zaidi: kwamba babu wa marehemu alitekwa akiwa mtoto katika vilima vya Kilolo, akauzwa kwenye mashamba ya karafuu kisiwani kwa Sultani, kisha akarudi kwa miguu akiwa mtu mzima, na cheti cha uhuru mkononi. Haya nilisimuliwa na marehemu mwenyewe, fundi seremala, jirani yangu wa Kihesa, mjini. Sikuwahi kuyakubali wala kuyakana.

Ukoo wake uliyakana. Walisema aliyerudi hakuwa mtoto wao, bali mtumwa wa watu aliyejipachika, na wajukuu zake wakaitwa watumwa hadi leo, kwa utani wenye meno. Fundi aliacha neno moja: azikwe kwenye makaburi ya ukoo. Wazee wakachimba, lakini kwa sharti. Wasifu usomwe pale pale kabla ya kuzika, nao uthibitishe nasaba yake. Binti yake aliniomba niusome mimi, kwa kuwa nilifundisha historia sekondari na watu waliamini kinywa changu.

Asubuhi ile nilikata mstari wa babu kwa kalamu nyekundu. Binti akaona.

"Mwalimu, umefuta kile baba alichokufa akikililia."

"Sisomi nisichoweza kukithibitisha."

"Sultani ulimwona? Mbona ulitufundisha habari zake muhula mzima?"

Ni kweli nilimfundisha. Nilieleza jinsi Mjerumani alivyoleta manowari mbele ya kasri, jinsi yeye na Mwingereza walivyogawana nchi za Sultani bila kumwuliza, wakampimia ukanda wa maili kumi kutoka ufukweni, na jinsi mmoja wa warithi wake alivyosukumwa na Waingereza kutia saini amri ya kuwaacha huru watumwa, mahakama zikawaandikia vyeti.

"Yale yana hati," nilimjibu.

Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akisema ndicho cheti cha babu, nacho kinataja kwao. Maandishi yalikuwa ya Kiarabu, wino umefifia, muhuri chini. Siyasomi maandishi hayo. Msikiti ulikuwa mwendo wa dakika ishirini, na shehe alikuwapo. Sikwenda. Nilimrudishia nikisema karatasi isiyosomeka si ushahidi.

Makaburini Kilolo nilisoma kuzaliwa, ubatizo, kipaimara, ndoa, useremala. Nilipokunja karatasi yangu, mzee wa ukoo, akiwa ameegemea koleo, aliuliza, "Na babu yake, Mwalimu?"

"Habari za babu yake sina ushahidi nazo."

"Kamwene, msomi," akasema, akinipa salamu ya heshima ya kwao kwa kejeli, na waliomzunguka wakacheka. "Mmesikia, hata shule imemkataa. Mpakieni. Watumwa wana makaburi yao mjini."

Binti alinigeukia. Hakupaza sauti. "Mwalimu, sema tu kwamba karatasi ipo. Kuiona umeiona."

Kuiona nilikuwa nimeiona. Kanuni yangu mwenyewe iliniruhusu kusema hivyo, na nadhani ilinilazimu. Nilinyamaza kwa sababu nilichukia kusahihishwa mbele ya watu na mtu niliyemfundisha.

Nasikia baadaye shehe aliisoma. Sikuwapo, na aliyeniletea habari hakuwapo pia, kwa hiyo siandiki kilichosomwa. Ninachoweza kukiapia ni hiki: jeneza lilirudishwa kwenye pikapu, binti akaketi kando yake akilishikilia lisiteleze, na vijana wa ukoo wakakata mgomba, wakaulaza kaburini mahali pa mtu, kama ifanywavyo kaburi likichimbwa bure, wakaufukia.