Matundu Mawili ya Gitaa la Mjomba

Juzi nilipita Mboko nikitoka Uvira kurudi Baraka, na kando ya barabara akina mama walikuwa wameanika muhogo uliolowekwa. Harufu ile unaijua, rafiki yangu. Wengine hufunika pua. Mimi ilinikumbusha gitaa la mjomba.

Mjomba, mdogo wake mama, alikwenda Lulimba kuchimba dhahabu, akaniachia gitaa lake nikiwa sekondari. Miaka ile ya chama kimoja, kila shule ilikuwa na kikundi cha animasyo: tulicheza na kumwimbia Rais sifa kila mkubwa alipofika. Mpiga gitaa hakuruhusiwa kukaa. Alikata kiuno kama wengine, gitaa likining'inia begani. Mkanda wangu ulikuwa kipande cha kitenge cha nyanya yangu, nao ulichomoka kila tulipoinama. Mjomba aliposikia, alimpa dereva wa lori vifungo viwili vya chuma vya kuushika, pamoja na ujumbe: "Fungia hivi. Nikishuka Baraka tutapiga wote, we na mi, kwa zamu." Niliingoja siku hiyo kuliko likizo.

Lakini skrubu za vifungo vile zilikuwa nyembamba kuliko za zamani, zilizoacha matundu mawili kwenye mbao za gitaa. Nilizizungusha, zikazunguka tu bila kuuma mbao. Nikajaza matundu kwa gundi tuliyoijua sote, unga wa muhogo uliokorogwa kwa maji ya moto kama bukari, ugali wetu, ileile tuliyobandikia picha ya Rais darasani. Ilikauka ikawa kama jiwe. Nikafunga vifungo, nikalitundika gitaa jikoni kwa nyanya, karibu na samaki wa kubanika, nikidhani moshi utaikausha zaidi.

Sikuwafikiria mende.

Katikati ya mazoezi kifungo cha nyuma kilichomoka, gitaa likaangukia mguu wa msichana aliyeongoza wimbo. Alichungulia tundu akipepesuka kwa mguu mmoja. "Bantu, mukuye muone! Huyu alipika bukari ndani ya gitari!"

"Na mende balishakula," akadakia mwenzake. "Hata mboga hakubawekea!"

Mwalimu wa animasyo hakucheka. Kamisere wa zone, mkuu wa wilaya yetu, alikuwa anakuja wiki ile. "We mutoto, hii kitu ikianguka mbele ya kamisere, batafunga nani? Si ni mi?"

Nikaanza upya. Nilikwangua matundu hadi mbao safi, nikachonga vijiti vya mti mkavu, nikavipaka gundi ya mbao niliyoomba kwa jirani, nikavigonga taratibu mpaka matundu yakajaa. Kilichobaki ni kuacha gundi ilale hadi kesho, kisha nitoboe kwa msumari mwembamba, nipake skrubu sabuni, nizungushe polepole. Nililaza gitaa kitandani mwangu na kukataza mtu yeyote kulisogelea.

Jioni ileile mjomba akafika, amekonda, matope hadi magotini. Lori lililomleta lingeondoka alfajiri. Alikaa kitini kwa nyanya, akala bukari na ndagala, dagaa wa ziwani, akanawa, akafuta vidole kimoja kimoja, akaja mlangoni kwangu.

"Mwipwa, leta gitari. Vidole viko na njaa."

"Hapana, mujomba. Gundi iko mbichi. Ngojea kesho."

"Kesho niko barabarani."

"Basi ukirudi."

Akacheka. "Sawa, fundi. Mi naheshimu kazi ya muntu." Alilitazama gitaa bila kuligusa, akarudi kuongea na nyanya.

Vijiti vilishika. Mbele ya kamisere nilicheza hadi shati likalowa, na gitaa halikutikisika. Mjomba hakushuka tena Baraka. Shimo lilimfukia hukohuko Lulimba, na habari tuliletewa na dereva yuleyule wa lori.

Chama kilikwisha pamoja na ngoma zake. Jiko la nyanya halipo, na mahali pale watu wamejenga. Gitaa liliibwa wakati wa vita, vifungo vyake vikiwa imara. Hayo nimeyazoea. Jambo lililobaki nililigundua nikiwa mtu mzima, nikimtazama mzee mmoja akipiga gitaa huku amelipakata: aliyekaa hahitaji mkanda. Matundu yale mawili yasingedhurika. Kiti kilikuwepo jioni ile, tena mjomba alikuwa amekikalia.